Napika peke yangu kila mwezi na watu wanazidi kupungua. Niendelee au niache?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nilihamia hapa kutoka Tanga miaka minne iliyopita. Kwetu ukipika kitu kikinukia, jirani lazima aonje. Hapa nimekaa ukuta kwa ukuta na mtu mwaka mzima bila kujua jina lake. Ndiyo maana Januari niliwaita marafiki wa kazini, wa mtaani na wawili niliosoma nao, tukakubaliana kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tule chakula cha mchana pamoja kwangu. Siku ya kwanza tulikuwa 16. Mwezi uliopita walikuja 7.

Napika mwenyewe kila kitu: pilau, kuku wa kukaanga, ndizi, chapati, kachumbari, saladi ya matunda, na soda juu. Natumia kama shilingi 170,000 kila mara. Nawaambia waje saa saba, wanaanza kuingia saa nane na nusu, chakula kinaiva saa kumi. Wengine wakishakula wanashika simu, wengine wanaaga. Mimi nabaki na masufuria hadi usiku.

Aprili niliomba kila mtu aje na kilo moja ya mchele ili tusaidiane. Pilau ikatoka punje nyingine zimevurugika, nyingine zina kiini. Mei nikapika kilo nne kwenye sufuria moja kubwa juu ya gesi, nikaweka maji vikombe 40 kwa sababu nusu kilo huwa naweka vikombe vitano. Chini ikawa bokoboko na imeungua, juu mbichi. Niliona aibu sana.

Tuna Waislamu, Wakatoliki na Msabato mmoja, na mmoja wetu ana presha. Mara nyingine nahisi kuna vitu hawali ila wananyamaza. Kuna mmoja amependekeza tuanzishe na mchezo wa pesa hapo hapo ili watu wawe na sababu ya kuja. Na rafiki yangu wa karibu alipoteza kazi mwezi wa tatu, tangu hapo hajaja tena hata nikimpigia.

Shangazi, niendelee au niache? Na nikiomba mchango nitaombaje bila kuonekana nimefungua mgahawa?

Mwenyeji aliyechoka, Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Usiache. Ila usipike tena peke yako hata mara moja, na hilo ndilo jibu langu kwa karibu kila kitu ulichoandika.

Watu hawajakuchoka. Kwa miezi sita umewafanya wageni, na ugeni ni kazi nzito kuliko inavyoonekana. Mtu akila kwako mara tatu, vyombo saba mezani, hajashika hata kisu wala hajatoa hata limau, anaanza kuona haya. Haya ikizidi anatafuta udhuru: mtoto ana homa, gari limeharibika, kuna kikao cha ukoo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 kueleza kwamba katika jamii zetu za zamani kila mtu alikuwa mfanyakazi. Watu wengi huisikia kama onyo kwa mgeni mvivu. Mimi naiona ni huruma kwake, maana aliyepewa jembe ameshakuwa mtu wa nyumbani.

Kwa hiyo anza kwa kupunguza meza. Pilau sufuria mbili, kachumbari, chungu kimoja cha maharage au choroko za nazi, tikiti maji au mapapai, maji ya kunywa na juisi moja. Kuku, chapati, ndizi na soda viondoke. Najua kwetu pwani mtu anaona akipunguza ameaibika, lakini hebu fikiria anayekaa chumba kimoja Buguruni akiangalia meza yako. Anajiuliza: zamu yangu ikifika, haya mapochopocho yote nitayatoa wapi? Kila sahani unayoongeza unamwongezea deni atakayefuata. Chakula cha kila mwezi kiwe kile ambacho mtu wa kipato cha chini kabisa kati yenu anaweza kukiandaa bila kukopa.

Halafu gawa kazi, na uzigawe kwa majina, siyo kwa kusema "jamani tusaidiane". Ukiandika hivyo kwenye kundi la WhatsApp utapata vidole gumba 12 na hakuna atakayekuja. Mwandikie mtu mmoja mmoja, kazi moja moja, na saa yake. Wawili wafike saa nne asubuhi kumenya vitunguu, viazi na vitunguu saumu. Mmoja afanye manunuzi ya sokoni Jumamosi. Mmoja awe wa kachumbari na matunda, afike saa sita. Mmoja ashike maji na vyombo vya kunawia. Mmoja awe wa watoto: awapakulie saa saba na nusu, kabla ya wakubwa, akae nao wale. Usipofanya hivyo akina mama watakula wamesimama, na mama aliyekula amesimama hana alichokifuata. Wawili waoshe vyombo, na hao wasiwe wale waliomenya. Kazi zizunguke kila mwezi, na wanaume wamo humo humo. Kisu cha kitunguu hakichagui mkono.

Mtakaa jikoni saa nne hizo kabla ya kula, na utashangaa. Mazungumzo unayoyasubiri mezani huanzia pale kwenye beseni la vitunguu. Mikono ikiwa na kazi, hata mtu mwenye haya anaongea bila kutazamwa usoni, na simu haina wa kuishika kwa sababu vidole vina mafuta. Mgeni mpya akija, usimweke kwenye kochi na glasi ya juisi. Mpe nyanya akate, akae karibu na mtu asiyemjua, siyo yule aliyemleta.

Sasa muda. Umesema waje saa saba, ukapakua saa kumi. Wamejifunza. Hawakudharau, wamepiga hesabu tu. Tangaza saa nane mchana na upakue saa nane, hata kama wamefika wanne. Watakaokuja saa tisa watakuta chakula chao kimefunikwa, usiwaseme, wape wale. Fanya hivyo mara tatu mfululizo, mara ya nne watakuwa mlangoni saa nane kasoro. Na tarehe isibadilike kamwe kwa sababu fulani hayupo. Ukianza kuuliza "tarehe ipi inawafaa wote?" hutapata hiyo tarehe mpaka Krismasi. Jumapili ya mwisho ni Jumapili ya mwisho.

Sasa tuje kwenye pilau yako, maana naona ilikuumiza moyo.

Ya Aprili iliharibika kabla hujawasha moto. Kilo moja kutoka kila nyumba maana yake una mchele wa Kyela, wa Shinyanga, wa dukani wa punje ndefu, mpya na wa msimu uliopita, vyote kwenye sufuria moja. Mchele mpya bado una unyevu, unalainika haraka na maji kidogo. Wa zamani umekauka, unataka maji zaidi na muda zaidi. Ukiuchanganya, huu unavurugika wakati ule bado una kiini, na hakuna mpishi duniani anayeweza kuusawazisha. Mchele anunue mtu mmoja, duka moja, gunia moja. Watu wakitaka kuleta vitu, walete vitunguu, viazi, nyanya, malimau, tikiti. Hivyo havigombani.

Ya Mei ni hesabu. Ulizidisha maji kama ulivyozidisha mchele, na maji hayaendi hivyo. Punje yenyewe, ili iive, inataka maji karibu ya ujazo wake tu. Yanayozidi pale unaweka kwa ajili ya mvuke utakaopotea, na mvuke unategemea upana wa sufuria na muda wa moto, hauongezeki kwa kilo. Ukipika nusu kilo, sehemu kubwa ya maji hupotea hewani, ndiyo maana vikombe vitano vinakutosha. Ukipika kilo nne, kinachopotea ni kidogo ukilinganisha na mchele uliomo, kwa hiyo vikombe vyako 40 vilikuwa uji. Na jiko la gesi la nyumbani linapiga moto katikati tu ya kitako. Sufuria pana inaungua kati, pembeni na juu hakufiki joto. Wapishi wa shughuli wanaweza kupika masufuria makubwa kwa sababu wana kuni au mkaa uliotandazwa chini yote, na makaa mengine juu ya mfuniko.

Wewe pika sufuria mbili, kila moja yenye ujazo wa lita 10 hivi, kilo moja na nusu ya mchele kila moja. Kilo 3 hizo zinatosha watu wazima 16 hadi 20 ikiwa kuna maharage na matunda. Wakiwa vijana watupu wa mpira, hesabu kilo moja kwa watu watano.

Nyama kilo 3 yenye mifupa ichemshwe Jumamosi jioni kwa maji lita 6, tangawizi, kitunguu saumu, limau na chumvi kidogo, mpaka ilainike. Ya ng'ombe huchukua kama saa moja na nusu. Ikiiva, usiiache kwenye sufuria kubwa mpaka asubuhi. Sufuria kubwa iliyojaa supu hubaki vuguvugu usiku kucha na huo ndio uvuguvugu bakteria wanaoupenda. Gawa kwenye vyombo vipana vyenye kina kifupi, viweke kwenye beseni la maji baridi, kisha ndani ya friji kabla ya saa mbili kupita tangu ulipozima moto. Huna nafasi kwenye friji? Chemsha Jumapili alfajiri, usibahatishe.

Saa tano Jumapili, loweka mchele nusu saa baada ya kuupima kwa kikombe. Kilo moja na nusu hutoa vikombe 7 hivi vya robo lita. Uchuje kabisa, uache kwenye chujio dakika 10. Kwa kila sufuria kaanga vitunguu maji gramu 600 vilivyokatwa vyembamba, kwa mafuta robo lita. Hapa ndipo pilau inapopata rangi, na hapa ndipo watu wanapokosa subira. Usifunike, maana mvuke utavichemsha badala ya kuvikaanga. Dakika 20 mpaka 25, ukigeuza, mpaka viwe kahawia ya mbao ya mninga. Vikianza tu kugeuka rangi kaa hapo hapo, kwa sababu kutoka kahawia hadi nyeusi ni dakika mbili, na kitunguu kilichoungua kinaipa sufuria nzima uchungu usiotoka.

Ndipo uweke kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, vichwa viwili na kipande cha vidole viwili. Ukivitanguliza na vitunguu maji, vitaungua kabla wenzao hawajawa tayari. Fuatisha binzari nyembamba nzima vijiko viwili vya chakula, pilipili manga kijiko kimoja cha chai, iliki 12, karafuu 10, na mdalasini vijiti viwili. Vikaange dakika moja tu, mpaka vinukie. Kisha viazi robo tatu ya kilo, nyama nusu ya ile uliyochemsha, vigeuze vikolee, halafu supu ya moto vikombe 9. Supu iwe inachemka. Ya baridi inashusha joto na mchele unaanza kuloana kabla ya kuiva. Bakiza kikombe kimoja cha supu pembeni, maana kuongeza kunawezekana na kupunguza hakuwezekani. Onja: chumvi iwe imezidi kidogo tu kuliko supu unayoweza kunywa, kwa kuwa mchele utaimeza.

Tia mchele, acha uchemke kwa nguvu bila kufunika mpaka maji yashuke usawa wa mchele na uone vishimo vinapumua juu. Punguza moto hadi wa mwisho. Geuza mara moja tu, kutoka chini kuja juu, kutoka pembeni kuja kati. Tandika karatasi ya foili, funika, na kama una mkaa palia makaa machache juu ya mfuniko. Dakika 20 hadi 25. Zima, usifunue kwa dakika 10 nyingine. Ukikuta juu kuna kiini, toboa mashimo kwa mpini wa mwiko, nyunyizia kile kikombe cha supu ulichobakiza, funika tena dakika 10. Ukikuta imelowa, weka kitambaa safi kikavu chini ya mfuniko kinyonye mvuke, au itandaze kwenye masinia mapema. Ikiungua chini, usikoroge! Hamisha ya juu kwenye sufuria nyingine, ukoko ubaki na moshi wake.

Kachumbari: nyanya kilo moja na nusu, vitunguu nusu kilo vilivyosuguliwa kwa chumvi na kusuuzwa mara mbili ili ukali utoke. Chumvi na limau vitiwe wakati wa kupakua tu. Vikitiwa saa moja kabla, chumvi inavuta maji yote na unabaki na supu ya nyanya. Pilipili ikae pembeni.

Kuhusu imani, mwanangu, uliza sasa, faraghani, mtu mmoja mmoja: "Kuna kitu huli?" Hakuna anayekasirika kuulizwa hivyo, lakini wengi watakaa na njaa kuliko kukatalia mezani. Nyama inunuliwe bucha ambayo Waislamu wenu wanaiamini, na nguruwe asipikwe kabisa kwenye masufuria hayo, hata siku nyingine. Msabato wako hali nguruwe, na samaki asiye na magamba kama kambale, wala kamba, mara nyingi hawali pia. Siku yake ya ibada ni Jumamosi, kwa hiyo usimpangie manunuzi wala kuchemsha nyama siku hiyo kabla jua halijazama. Ramadhani ikifika, hamisheni mkutano uwe wa futari wakati wa magharibi: uji, tende, viazi, tambi, na wasiofunga waje kusaidia kupika. Wakatoliki wakati wa Kwaresima wanaacha nyama siku ya Ijumaa, Jumapili haiwapi shida. Mwenye presha umtengee maharage na kachumbari visivyotiwa chumvi, na viungo vya paketi usivitie, vina chumvi nyingi ndani yake.

Sasa pesa. Andika hesabu ya meza yenu mpya, ugawe kwa waliothibitisha, watu wazima tu. Itakuwa ndogo kuliko unavyodhani kwa sababu umeondoa nusu ya vyakula. Mchango ulipwe kufikia Alhamisi, kwa namba ya mtu mwingine, siyo yako. Hili ni muhimu sana. Mwenye nyumba akipokea pesa, anaonekana muuzaji. Akipokea mweka hazina, pesa ni ya wote. Ijumaa mweka hazina anampa mnunuzi, na Jumapili jioni anaweka kwenye kundi picha ya risiti na salio, hata kama salio ni shilingi 300. Aliyethibitisha asipokuja, mchango wake haurudi, chakula chake kimeshapikwa.

Ile orodha tuliyoizoea ya harusi, majina ya waliotoa na ambao bado, usiiweke kamwe. Harusi ni ya siku moja, aibu inapita. Hapa mnakutana kila mwezi, na mtu atakayeona jina lake halina tiki hatakuja tena, wala hatakwambia kwa nini. Nani ametoa na nani hana, ajue mweka hazina peke yake. Na iwepo ruhusa inayojulikana kwa wote: asiye na pesa mwezi huu anatoa mikono.

Mchezo wa pesa ukatae. Siuchukii, upatu umewajengea wengi nyumba, na kijumbe mwaminifu ni mtu wa kuheshimiwa. Lakini usiulaze kitanda kimoja na chakula. Siku mmoja atakaposhindwa kutoa, ataacha kuja kula kwa sababu pale mezani amekaa anayemdai. Mtapoteza mchezo na mtu kwa pamoja. Wanaotaka kucheza wacheze siku nyingine, sehemu nyingine.

Mahali pa kulia: kama una uwanja au sebule ya kutosha, sogeza makochi, tandika mikeka, pakua kwenye masinia, watu watano kwa sinia moja. Sahani mkononi inamruhusu mtu kwenda kukaa kona na simu yake. Sinia haimruhusu. Wapange wewe, wanaofahamiana sana wasikae sinia moja. Nyama iwekwe katikati na mkubwa wa sinia aigawe. Weka pia sahani sita pembeni kwa asiyependa kula pamoja au mwenye magoti mabovu, usimuulize sababu. Andaa maji ndoo tatu za lita 20 hata kama bomba linatoka, maana linaweza kukatika saa saba kamili; mabeseni matatu ya kuoshea: la kuondolea masalio, la sabuni na la kusuuzia. Ndoo moja ni ya kunawa, na aliyepewa kazi hiyo azungushe birika na beseni, mtu anawishwa alipokaa.

Kiporo kisilale kwako. Wali uliokaa kwenye joto la Dar es Salaam ni hatari, kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemka, na sumu yake haiondoki ukipasha moto kesho. Mkishiba tu, kabla ya saa mbili kupita tangu kupakua, kila mtu afungashe kwenye chombo alichokuja nacho. Lakini kabla ya kufungasha, toa sahani mbili. Moja ipeleke kwa huyo jirani wa ukuta kwa ukuta. Harufu imeshamfikia tangu saa sita, mpe na chakula. Mwambie jina lako, umuulize lake. Ya pili ni ya ambaye hakuja, funika kwa kawa, na anayeishi njia moja naye ampitishie jioni hiyo hiyo.

Hii inanileta kwa rafiki yako aliyepoteza kazi. Usimwambie "njoo tu, usijali kuhusu mchango". Hapo umeshamtaja mchango. Ukimpigia na kumuuliza mbona haji, atatafuta udhuru. Mtumie ujumbe Alhamisi: "Jumamosi saa 11 jioni nachemsha nyama ya kesho na nina kilo zaidi ya moja ya vitunguu vya kukata. Kisu changu ni butu. Njoo na chako, ulale kwangu, asubuhi tuanze pamoja." Nauli mtumie kabla, useme ni ya kubeba na birika lake, maana la kwako halitatosha watu 16. Akija, mkabidhi sufuria ya pili iwe yake yeye, kuanzia vitunguu hadi kupalia makaa, na wewe usiifunue.